Wasichana Saba na Koo Moja

Ninyi vijana mnaotafsiri filamu siku hizi mna raha. Mnakaa kwenye chumba chenye sponji ukutani, mkikosea mnarudi nyuma, mkikohoa mnafuta. Sisi tulisimama pembeni ya televisheni na maikrofoni iliyofungwa plasta, watu wamejaa kwenye mabenchi, picha inakimbia, na ukikohoa basi umekohoa kwa niaba ya aliyepo kwenye picha. Siku moja huko Bujumbura nilipiga chafya katikati ya mazishi ya mfalme wa Kichina. Vichwa vyote vikanigeukia. Kwenye picha wakati huo hapakuwa na mwingine isipokuwa marehemu. Ilinibidi niseme haraka kwamba mfalme hakufa vizuri, sumu bado inamtekenya pua. Watu walipiga makofi, na mpaka filamu ilipokwisha walikuwa bado wanamsubiri afufuke.

Jina langu la kazi lilikuwa DJ Silva. Msifikiri nilicheza muziki. Kazi yangu ilikuwa kuipunguza sauti ya filamu ya kigeni na kuwasemea wote kwa Kiswahili: shujaa, adui wa shujaa, mama wa shujaa, na farasi kama ana neno la kusema.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kadogo wa mtaa wa Buyenzi. Alikuwa mfupi, ukimtazama kwa nyuma ungemwita mtoto umtume dukani, lakini alipofungua kinywa ungedhani lori la mchanga linamwaga mzigo. Alinikataza maziwa siku ya kazi, kwa sababu maziwa yanajenga nyumba kooni. Alininywesha maji ya moto yenye tangawizi na chumvi kidogo. Na alinifundisha jambo ambalo sijaliona kwenye kompyuta zenu: usimtazame mtu mdomo, mtazame kifua. "Mdomo unachelewa," alisema. "Kifua kikipanda, neno linakuja. Wewe uwe tayari mlangoni kulipokea."

Hata hivyo nilikosea mara nyingi sana. Kuna filamu moja ilikuwa na wanaume wawili wenye ndevu sawa na kofia sawa, nikawachanganya, na nilipogundua nilikuwa nimekwisha kumposea shujaa dada yake mwenyewe. Mama mmoja akasimama kwenye benchi akapiga kelele: "DJ! Haramu hiyo!" Nikamjibu kwa sauti ya mama wa shujaa kwamba binti yule aliokotwa mtoni akiwa mchanga. Yule mama akakaa, lakini akaniambia mwisho wa onyesho kwamba hakuamini.

Basi, vita vikanileta Durban. Siku za kazi nilikuwa kwenye kiwanda cha magodoro kule Jacobs, nakata sponji kwa mashine. Jumamosi mchana nilikuwa Overport, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa letu, na waliokuja walikuwa Warundi, Wakongomani, Watanzania wachache na Wakenya wanaosoma chuo. Nilijulikana kwa filamu za mateke. Mpigo mmoja wa mguu nilikuwa na sauti zake tatu: wa kifuani, wa tumboni, na ule wa mtu anayepitia dirishani.

Ndipo mwaka 2015 akaja Divine.

Divine alikuwa na miaka kumi na minne, mjukuu wa Koko Feza. Koko ni bibi, kwa Wakongomani wengi. Mama yake Divine alifanya kazi Pinetown, alikuwa akitoka kabla ya jua na kurudi amechoka, kwa hiyo serikali ya nyumba ile ilikuwa Koko Feza. Koko alitoka Uvira. Katika onyesho langu alikuwa na kiti chake mbele kabisa, na kazi yake ilikuwa kumshauri shujaa. "Nyuma yako! Weye, nyuma yako!" Shujaa akipigwa, alinilaumu mimi.

Divine alinikuta Jumamosi nakunja nyaya.

"Tonton Silva," akasema, yaani mjomba, "unaweza kufanya anime?"

"Hiyo ni ugonjwa?"

"Ni katuni za Japani, Tonton."

"Mimi sifanyi katuni. Mimi ni mtu mzima."

Hakuondoka. Akanieleza. Kulikuwa na mfululizo wa katuni kuhusu wasichana saba wa shule moja milimani, wanaosoma mchana na jioni wanaimba na kucheza jukwaani. Huko Japani waimbaji wa namna hiyo wanawaita aidol. Mfululizo ulikuwa umekwisha, Divine na wenzake wakalia wiki nzima, na sasa ilikuwa imetoka filamu inayoendeleza hadithi pale ilipoishia. Yeye na rafiki zake wanne walikuwa na kikundi chao kilichoiga wale wasichana, na shule yao ilikuwa imewapa nafasi kwenye tamasha la mwisho wa mwaka.

"Sasa shida iko wapi?"

"Koko aliona picha yao ukutani kwangu. Akasema ni majini. Ameipasua na amenikataza kuimba."

Nilimwelewa Koko. Divine alinionyesha picha nyingine kwenye simu: macho makubwa kama sahani za pilau, nywele za zambarau, za kijani, za waridi. Hata mimi nilirudi nyuma kidogo.

"Koko hajui Kiingereza," Divine akasema. "Lakini filamu zako zote anazijua. Ukiisema wewe, atasikia wanachosema. Akisikia, ataelewa."

Nilikubali, vijana wangu, na nilikubali kwa kiburi. Nilijiambia: mtu aliyesemea majeshi mawili kwa wakati mmoja atashindwa na watoto wa shule?

Filamu alikuwa nayo Kamau, Mkenya mmoja wa chuo aliyeimba kwaya kanisani kwetu. Ilikuwa kwenye kompyuta yake na maneno ya Kiingereza yakipita chini. Tukakaa ukumbini siku moja baada ya ibada, mimi, Divine na Kamau, nifanye majaribio. Kwenye picha ya kwanza msichana wa nywele za waridi anampa rafiki yake kisanduku cha chakula. Nikaona kifua kinapanda, nikaingia kwa sauti yangu ya kazi:

"Kula! Huenda kikawa chakula chako cha mwisho!"

Kamau alicheka mpaka akashika ukuta. Divine alifunika uso.

"Tonton, hawa ni marafiki."

"Sawa. Adui anaingia lini?"

"Hakuna adui."

"Filamu nzima?"

"Nzima."

Nikaweka maikrofoni chini. Maisha yangu yote sikuwahi kuona filamu isiyokuwa na adui. "Basi wanapigania nini hawa?"

Divine akafikiri. "Wanaogopa kuachana," akasema.

Nilikwenda nyumbani na neno hilo, na siku ile sikutania na mtu.

Tatizo la pili lilikuwa koo. Mimi nilikuwa na sauti tatu za binadamu: shujaa, adui na mama. Hapa nilikuwa na wasichana saba, wote wa umri mmoja, wote sauti nyembamba, na wanasema kwa pamoja kama ndege asubuhi. Nilijaribu kuwafanya wote kwa sauti ya mama, ikawa kama mama mmoja anagombana na nafsi yake.

Sikilizeni hapa, maana hili litawafaa hata mkiwa na mashine gani. Sauti hazitoki kooni. Zinatoka barabarani. Nikaanza kutembea na masikio wazi. Ndani ya taxi ya kwenda Jacobs, zile basi ndogo za abiria, nikamsikia Mkenya mmoja akiongea na simu, anakimbiza maneno na kumaliza kila sentensi kama anafunga mlango: sauti hiyo nikampa msichana wa nywele za njano. Kwenye robot, pale taa za barabarani, dada wa Tanga alimwomba mtu samahani kwa kukanyagwa yeye mwenyewe: nikampa msichana wa kijani, yule mwenye aibu. Fundi wa nywele wa Bukavu, anayesema "mais non", hapana bwana kwa Kifaransa, kabla hujamaliza swali, nikampa wa bluu. Kiwandani kulikuwa na Mzulu tuliyefanya naye kazi, amejifunza Kiswahili chetu kwa nguvu zake mwenyewe: "Eish, wena Silva, kuja hapa, sharp." Nikampa wa nyekundu. Wanne hao. Mmoja nikamfanya Mrundi wa kwaya, kama dada zangu. Waridi, kiongozi wao, nilimpa sauti ya Divine mwenyewe, na sikumwambia.

Akabaki Zambarau. Huyu alikuwa mkali, anawafokea wenzake wakichelewa mazoezi, kumbe ndiye anayewapenda kuliko wote. Nilihangaika naye sana. Halafu Jumamosi moja Koko Feza akanifokea kwa kuchelewa kufungua mlango, na nikajua nimempata.

Siku ilifika. Ukumbi ulijaa kuliko nilivyotarajia. Lazima niwaambie kwamba mwaka ule haukuwa mwepesi kwetu. Miezi michache nyuma, wageni tulikuwa tumefunga maduka na wengine kulala kwa marafiki, tukiogopa kupigwa kwa sababu ya tulikotoka. Mambo yalikuwa yametulia, lakini mtu aliyeingia mahali bado alitafuta benchi la karibu na mlango. Siku hiyo mabenchi ya katikati nayo yalipata watu. Divine alikaa nyuma na wenzake. Mmoja wao alikuwa Nomvula, Mzulu, jirani yao, na mama yake alikuwa amemsindikiza.

Koko Feza alikuja mbele, lakini hakukaa. Alisimama mbele ya televisheni, akaiwekea mkono juu, akaiombea. Sala ndefu. Aliamuru kila kilichomo ndani yake kisichotoka kwa Mungu kitoke kabla ya onyesho. Tukasema amina, naye akaketi akakunja mikono.

Nikaanza. Dakika za kwanza watu walikaa kimya kama wanaopimwa damu. Kisha Nyekundu akaingia akichelewa mazoezi: "Eish, pole, taxi ilijaa!" Kicheko cha kwanza. Bluu akasema "mais non," na wanawake wa Bukavu wakapigana mabega. Kijani akamwomba mlango samahani. Halafu Zambarau akasimama mbele ya wenzake, mikono kiunoni, na mimi nikafungua koo:

"Ju ya nini munachelewa? Munafikiri wakati ni shamba ya baba yenu?"

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Koko Feza. Nilifikiri nimekwisha. Koko aliitazama picha kwa makini, akatikisa kichwa taratibu.

"Ule msichana iko na akili," akasema.

Kuanzia hapo alikuwa upande wa Zambarau. Hadithi ilikuwa hivi: mkubwa mmoja wa muziki kutoka mji mkuu alikuja milimani akataka kumchukua Waridi peke yake, awe nyota. Wenzake wakagawanyika. Wengine walimwambia nenda, wengine walimwambia ukienda usirudi. Waridi hakujua la kufanya. Zambarau ndiye aliyemfuata mpaka kituo cha treni, na nyuma yake wakaja wote, na wakaamua kuimba pale pale kituoni, mbele ya abiria, kabla ya treni kuondoka. Koko alikuwa amekwisha kusogea hadi ukingo wa kiti. "Usimwache aende peke yake," alimshauri Zambarau. "Mushike mukono!"

Wasichana wakajipanga. Waridi akavuta pumzi, nikaona kifua kinapanda.

Umeme ukakatika.

"Eish! Mgao!" mtu akapiga kelele. Televisheni ikawa kioo cheusi, na maikrofoni yangu ikawa kipande cha chuma. Mwanga uliobaki ulikuwa wa madirishani. Watu walianza kuinuka, na kwa mazoea ya mwaka ule waliinuka haraka.

"Msiondoke!" nikasema kwa sauti tupu. "Filamu niliiona. Nitawamalizia."

"Alienda ao alibakia?" Koko akauliza.

"Kwanza wanaimba, Koko. Jibu liko kwenye wimbo."

"Basi imba."

Sikuwa nimejiandaa kuimba. Nilipanga kuipandisha sauti ya wimbo wa filamu yenyewe na kupumzisha koo. Lakini watu wamesimama, Koko ananitazama, nikajaribu. Mlio uliotoka ulifanana na mashine yangu ya sponji inapokosa mafuta.

"Hapana," Koko akasema. "Ile si msichana. Ile ni mbuzi."

Watu walicheka wakaketi, nami sikuwa na kitu kingine cha kuwapa. Kicheko kikaisha. Nikatazama nyuma nikamwona Divine. Kifua chake kilikuwa kimepanda. Alimtazama bibi yake kisogoni, kile kisogo kilichomkataza, na nikaona anakishusha kifua tena. Nomvula akasimama. Alisimama tu, kama mtu anayempisha mwenzake. Divine akasimama naye, kisha wale wengine watatu.

Wakaimba. Maneno yalikuwa ya Kijapani waliyoyakariri, hakuna aliyejua maana yake, na hata wao hawakuijua yote, lakini walikuja mbele wakiimba, miguu ikipiga sakafu ya ukumbi kwa pamoja, na wakajipanga mbele ya ile televisheni iliyozimika. Divine hakuthubutu kutazama kiti cha mbele.

Koko Feza akainuka.

Mimi nilikuwa tayari kuingilia, nimeshanyoosha mkono. Koko akawapita wote mpaka kwa msichana wa mwisho upande wa kushoto, akamgonga begani.

"Weye. Unakimbia mbele ya wenzako. Unaenda wapi?"

Wimbo ukakatika. Msichana akabaki mdomo wazi.

"Mwanzo tena," Koko akasema, na akavua kandambili, akaanza kupiga mdundo nayo kwenye kiganja. Hapo ndipo sisi wote tulipojua kwamba kule Uvira alikuwa ameongoza kwaya ya parokia tangu ujana wake mpaka siku ya kukimbia, na kwamba tangu aondoke hakuwahi kumwambia mtu. Wakaimba mara ya pili. Umeme uliporudi, Kamau akakimbilia kompyuta, na Koko akamwambia bila kugeuka: "Zima ile, inatupigia kelele."

Baadaye, watu wakitawanyika, nilimfuata nje.

"Koko, kumbe yale si majini."

"Majini?" Aliniangalia kwa huruma. "Majini ninayafukuza tangu ningali msichana, yananijua. Mi naogopa batu, Silva. Mwaka huu, mtoto wetu apande juu ya jukwaa, kila mtu amuone, kila mtu aulize ni wa wapi? Mi nilitaka asionekane. Ile tu."

Nikampa leso yangu.

Mama Nomvula alikuwa amesimama karibu akimsubiri binti yake. Alimwona Koko anafuta macho, akaniuliza kwa Kizulu ana nini. Nikamtafsiria, kwa maneno yale yale, bila kuongeza chumvi hata chembe. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea mbele ya Koko.

"Mwambie Gogo," alisema, yaani bibi kwa Kizulu, "siku ya tamasha mimi na yeye tutakaa pamoja mbele. Wangu atasimama ubavuni mwa wake. Anayetaka kumtazama vibaya mtoto yule, ataanza kunitazama mimi."

Nikatafsiri. Koko alimpandisha na kumshusha kwa macho.

"Huyu mama iko na sauti mzuri," akaniambia. "Muulize kama anaimbaka."

Divine aliruhusiwa, na baada ya wiki moja alikuja kunilalamikia. Koko alikuwa amechukua mazoezi yote. Anayechelewa anaanza na sala ya toba. Anayeimba nje ya mstari anaimba peke yake mbele ya wote. Marafiki zake walikuwa wanauliza kama haiwezekani kumrudishia imani ya majini, angalau kwa muda. Nilimwambia sina uwezo huo.

Kwenye tamasha nilikwenda kama mkalimani. Nilikaa katikati, Koko kulia, Mama Nomvula kushoto, nimekunywa tangawizi yangu, nimevaa koti. Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa wazazi wa kila namna. Wasichana watano wakatoka na sketi za kukunja na utepe nyweleni, na safari hii walikuwa wametunga maneno yao wenyewe, ubeti wa Kizulu, ubeti wa Kiingereza, na katikati ubeti wa Kiswahili chetu, ambao Divine aliuimba akiwa mbele, peke yake, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kumwona.

Mimi nikainama kwenye sikio la Koko kama kazi yangu inavyotaka. "Sasa anasema kwamba..."

Kiganja chake kikaniziba mdomo.

"Nyamaza, Silva," akasema. "Ninamusikia."

Nikaegemea kiti, mikono juu ya magoti, nikawatazama wale wasichana mpaka mwisho bila kazi yoyote ya kufanya.